Sura ya Tano: Kamera Iliyotangazwa na Kamera Iliyofika

Kusubiri bidhaa iliyokwisha kutangazwa, kupangiwa bei na pengine kulipiwa arubuni, lakini ambayo haijafika dukani, si sawa na uhaba uliozoeleka. Sukari inapoadimika, mnunuzi hutafuta kitu anachokijua, alichokitumia juzi, na ambacho akikikosa atakunywa chai chungu hadi kipatikane. Anayesubiri kamera mpya ya kitaalamu husubiri kitu ambacho hajawahi kukishika, kwa kuamini picha chache za mfano, jedwali la sifa na tarehe ambayo kiwanda kimeitaja bila kuiwekea kiapo. Kamera ya kitaalamu hapa ina maana finyu: ni ile inayotengenezwa kwa ajili ya mtu anayekula kwa kazi ya kupiga picha, ambayo mwili wake umezibwa dhidi ya vumbi na mvua, yenye nafasi mbili za kadi ili moja ikiharibika nyingine iokoe kazi, na ambayo pazia lake, yaani kile kipande chembamba kinachofunguka na kufunga ili mwanga uingie, limejaribiwa kwa mamia ya maelfu ya mifyatuo. Mtu wa namna hiyo hasubiri pambo. Husubiri kitendea kazi, kama seremala aliyeagiza randa na mbao tayari ziko uani.

Hakuna mfano unaoionyesha hali hiyo vizuri kuliko kamera mbili za kampuni ya Nikon ya Japani, D4 na D800, zilizotangazwa mwezi mmoja baada ya nyingine mwanzoni mwa mwaka 2012. D4, iliyotangazwa tarehe 6 Januari kwa bei ya dola za Marekani 5,999.95, ilikusudiwa wapiga picha wa habari na michezo, nayo iliweza kupiga fremu 10 kwa sekunde huku ikiendelea kufuatisha mtu anayekimbia. D800, iliyofuata tarehe 7 Februari, ilikwenda njia nyingine: ilikuwa na megapikseli 36.3, yaani nukta milioni 36.3 zinazoiunda picha moja, na iliuzwa kwa dola 2,999.95. Uzito wa tarakimu hizo unaonekana zikilinganishwa na zilizotangulia, kwa kuwa D700 ya mwaka 2008 ilikuwa na megapikseli 12.1, na D3X, iliyokuwa na 24.5, ilitangazwa mwishoni mwa mwaka huohuo wa 2008 kwa dola 7,999.95. Mpiga picha wa harusi au wa matangazo ya biashara ambaye kwa miaka mitatu alikuwa ameitazama D3X kama mtu anavyolitazama gari la jirani, ghafla aliahidiwa kitu chenye uwezo mkubwa zaidi kwa chini ya nusu ya bei. Kwa hiyo msongamano wa maagizo haukuwa fumbo hata kidogo; bei yenyewe ndiyo iliyoupigia mbiu.

Upande wa pili wa mizani, yaani ugavi, ulikuwa umetoka katika mwaka mbaya kuliko yote ambayo tasnia hiyo ilikuwa imeyapitia kwa muda mrefu. Saa 8 na dakika 46 alasiri ya tarehe 11 Machi 2011, tetemeko la ardhi la kipimo cha 9.0 liliikumba pwani ya kaskazini mashariki ya Japani, na tsunami iliyofuata iliufunika uwanja wa ndege wa Sendai, ulio kwenye mpaka wa miji ya Natori na Iwanuma. Katika mji huohuo wa Natori ndiko kilikokuwa kiwanda cha Nikon kinachounda kamera zake za ngazi ya juu. Kiwanda hakikusombwa, ila kilisimama kwa sababu ya uharibifu wa mitambo na majengo, na ingawa uzalishaji ulianza kurejea ndani ya wiki chache, kurejea kwa kiwanda kimoja hakumaanishi kurejea kwa kazi nzima, kwani kamera moja hukusanya vipuri kutoka kwa mafundi wengi wadogo ambao kila mmoja wao alikuwa na tetemeko lake.

Miezi saba baadaye yakaja maji. Mnamo Oktoba 2011 mafuriko ya Thailand yaliingia katika maeneo saba makubwa ya viwanda kaskazini mwa Bangkok, likiwamo eneo la Rojana katika mkoa wa Ayutthaya, ambako Nikon ilikuwa na kiwanda tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Tofauti ya mafuriko haya na yale ya ghafla yanayofahamika katika mabonde ya Afrika Mashariki ni kwamba hayakuja na kuondoka. Yalikuja taratibu, yakakaa kwa wiki nyingi, na mashine zilizokuwa ghorofa ya chini zikalala ndani ya maji hayo. Watu zaidi ya 800 walikufa nchini humo, jambo ambalo kila anayelalamikia kuchelewa kwa kamera hana budi kulikumbuka. Sony, ambayo nayo ilikuwa na kiwanda Ayutthaya, ililazimika kuchelewesha kamera yake ya NEX-7. Nikon ilianza tena kuzalisha katika jengo lake lenyewe mwanzoni mwa Januari 2012, yaani wiki ileile ilipoitangaza D4. Kamera hizo mbili ziliundwa Natori wala si Ayutthaya, lakini kampuni iliyokuwa ikizitangaza ilikuwa haijapumua.

Matokeo yake yalionekana mapema. D4 ilipangiwa kuanza kuuzwa Japani Februari 2012, ikasogezwa hadi Machi. Canon, mshindani mkuu wa Nikon, ilikuwa imetangaza kamera yake ya 1D X mnamo Oktoba 2011 kwa ahadi ya Machi, nayo ikawafikia wanunuzi Juni. Kwa mpiga picha wa kawaida miezi mitatu ni miezi mitatu tu. Kwa wapiga picha wa michezo mwaka huo kulikuwa na tarehe isiyosogezeka, kwa sababu Michezo ya Olimpiki ya London ilifunguliwa tarehe 27 Julai. Tarehe 9 Agosti, Mkenya David Rudisha alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, akavunja rekodi yake mwenyewe ya dunia akiwa mbele tangu mwanzo hadi mwisho. Kamera inayopiga fremu 10 kwa sekunde, kama kumbukumbu yake ya ndani ingekuwa haijai, ingetoa takriban fremu elfu moja za mbio hizo nzima, na katika hizo ni moja tu au mbili ambazo magazeti yangezichapisha. Anayenunua mashine ya namna hiyo hununua uwezekano wa kuwa na fremu hiyo moja, na uwezekano huo hauna thamani ukimfikia Septemba.

Maafa ya mwaka 2011 hata hivyo hayawezi kubebeshwa lawama yote, kwa kuwa foleni za kamera zilikuwapo kabla yake na zimeendelea kuwapo baada yake. Sababu ya kudumu zaidi imo ndani ya kamera yenyewe, katika kihisi, yaani kile kipande cha silikoni kinachopokea mwanga mahali ambapo zamani palikaa filamu. Vihisi hutengenezwa juu ya sahani nyembamba za mviringo za silikoni, na baadaye hukatwa kimoja kimoja kama vitumbua vinavyotolewa kwenye chuma kimoja. Kihisi cha fremu kamili, kinacholingana na fremu ya filamu ya milimita 35, kina upana wa milimita 36 na urefu wa milimita 24. Canon iliwahi kueleza kwamba sahani yenye kipenyo cha inchi 8 hutoa vihisi takriban 200 vya umbo dogo linalotumika katika kamera za bei nafuu, lakini hutoa vihisi takriban 20 tu vya fremu kamili. Hesabu inayofuata ni rahisi na ya kikatili. Chembe tatu za vumbi zikiangukia sahani ya vihisi vidogo, zitaharibu vitatu katika 200, hasara ambayo kiwanda huimeza bila kukunja uso. Chembe hizohizo tatu zikiangukia sahani ya vihisi vikubwa, zitaharibu vitatu katika 20, na sehemu ya saba ya kazi ya sahani nzima itakuwa imekwenda na maji. Kwa hiyo kiwanda cha vihisi hakiharakishwi kwa kuongeza wafanyakazi wa zamu ya usiku.

Isitoshe, vihisi hivyo hutoka katika viwanda vichache mno. Mnamo Aprili 2016 matetemeko ya ardhi yaliikumba Kumamoto, kusini mwa Japani, ambako Sony ilikuwa na mojawapo ya viwanda vyake vikuu vya vihisi, na kampuni nyingine ambazo karakana zao hazikuguswa hata kwa ufa mmoja zikajikuta hazina cha kuweka ndani ya kamera zao.

Kuna pia suala la kalenda. Kamera kubwa za Nikon na Canon zilifuata kwa muda mrefu mwendo wa Olimpiki: D3 ilitoka mwaka 2007 kabla ya Beijing, D4 kabla ya London, D5 mwaka 2016 kabla ya Rio, na D6 mwaka 2020 kabla ya Tokyo, ingawa mara hiyo ugonjwa wa korona uliichelewesha kamera na kuiahirisha michezo yenyewe. Mahitaji ya miaka minne hivyo hurundikana katika miezi michache. Mwenye kiwanda ana njia mbili: kujenga karakana inayotosha kilele hicho, halafu aitazame ikikaa bure kwa miaka mitatu, au kujenga karakana ya kiasi na kuwaacha wanunuzi wangoje. Karibu kila mara huchagua njia ya pili, na ni vigumu kumlaumu kwa hesabu zake, ingawa ni haki kumlaumu anapoiita hali hiyo mshangao.

Foleni ikishakuwapo, lazima igawanywe, na hapa ndipo mnunuzi anapoacha kuelewa kinachotendeka. Kamera haziendi kutoka kiwandani kwa mnunuzi moja kwa moja. Kampuni kuu huzigawa kwa matawi yake ya kila nchi au eneo, matawi huzigawa kwa maduka, na maduka huzigawa kwa watu walioandikishwa. Kwa hesabu tupu, muda wa kungoja hupatikana kwa kanuni iliyothibitishwa na Mmarekani John Little mwaka 1961, inayosema kwamba idadi ya walio kwenye foleni ni sawa na kasi ya kuingia na kutoka ikizidishwa kwa muda ambao kila mmoja hukaa humo. Mtu wa 60 katika orodha ya duka linalopokea kamera 5 kwa wiki angengoja wiki 12. Lakini mfano wa duka moja la kubuni unatosha kuonyesha jinsi hesabu hiyo inavyovurugika mezani. Wiki ya kwanza linafika boksi lenye kamera 12, na muuzaji anawapigia simu watu 12 wa mwanzo. Wawili hawapokei, mmoja anasema amekwisha kupata kwingine, mwingine anaomba apewe muda hadi mwisho wa mwezi. Wiki tatu zinazofuata hakifiki kitu. Wiki ya tano zinafika kamera 4, tatu zikiwa na majina ya wanachama wa mpango wa huduma kwa wataalamu, ambao Nikon na Canon wote wanao, na ambao huwapa kipaumbele wapiga picha waliothibitisha kwamba hiyo ndiyo kazi yao. Mtu wa 60 akiuliza amefika wapi, jibu la kweli ni kwamba hakuna anayejua, na muuzaji mwungwana humwambia hivyo.

Jambo linalozidisha giza hilo husababishwa na wanaongoja wenyewe. Mpiga picha mwenye wasiwasi hujiandikisha katika maduka matatu au manne akikusudia kuchukua kamera itakayotangulia na kuziacha nyingine, hasa pale ambapo arubuni hurudishwa au haidaiwi kabisa. Kila duka humhesabu kama mteja wake, tawi la nchi hupokea maombi ya maduka yote, na kiwanda huona watu wanne mahali penye mmoja. Wataalamu wa ugavi huliita jambo hili agizo hewa, nalo ni mojawapo ya vyanzo vya kile ambacho Hau Lee na wenzake walikieleza mwaka 1997 kwa mfano wa mjeledi: mkono unatikisika kidogo tu kwenye mpini, lakini ncha inaruka mbali. Mtengenezaji anayekiamini kilele hicho akaongeza uzalishaji hukuta, kamera za kwanza zinapowafikia watu, kwamba robo tatu ya foleni imeyeyuka kwa siku chache. Na mtengenezaji aliyewahi kuumwa na nyoka huyo mara moja huogopa ung'ongo, akapunguza uzalishaji hata pale mahitaji yanapokuwa ya kweli. Foleni basi haiwezi kuchukuliwa kama kipimo cha uhitaji, kwa kuwa nayo hutengeneza sehemu ya uhitaji inaoudai.

Msomaji wa uchumi atauliza kwa nini kampuni haipandishi bei tu, ili wenye haja kubwa zaidi wajitokeze na foleni ijiondoe yenyewe. Jibu limo katika utafiti wa Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler uliochapishwa mwaka 1986, ambao uliwauliza wakazi wa miji ya Kanada kuhusu duka linalouza sepeto za kuzolea theluji kwa dola 15, likapandisha bei hadi dola 20 asubuhi baada ya dhoruba. Asilimia 82 ya walioulizwa waliona kitendo hicho si cha haki. Kampuni inayouza lenzi kwa mteja yuleyule kwa miaka thelathini haiwezi kujifanyia hivyo. Ni heri mteja akasirikie kuchelewa, ambako kuna mafuriko na matetemeko ya kusingizia, kuliko akasirikie bei, ambayo ina mwenyewe.

Bei iliyozuiwa mlango wa mbele hata hivyo huingia kwa mlango wa nyuma. Kiswahili kina neno tayari kwa mtu anayenunua bidhaa adimu kwa bei halali ili aiuze kwa bei ya kuruka, nalo ni mlanguzi, neno ambalo Watanzania wanaozikumbuka foleni za mwanzoni mwa miaka ya 1980 hawahitaji kufafanuliwa. Ulanguzi wa kamera hauhitaji ghala wala lori, kwa sababu boksi moja lisilofunguliwa linatosha, na mtu yeyote aliyebahatika kuwa wa 7 katika orodha anaweza kuwa mlanguzi kwa jioni moja. Kisa kilichovuka mipaka ni cha X100V ya Fujifilm, kamera ndogo iliyotoka mwaka 2020 kwa dola 1,399 na ambayo hata haikukusudiwa hasa wataalamu. Baada ya kupendwa na vijana wa TikTok ilifika mahali ambapo iliyotumika iliuzwa ghali kuliko mpya, hali ambayo kwa kawaida hutokea kwa mashamba, si kwa vyombo vya umeme.

Afrika Mashariki imeunganishwa na foleni hiyo kwa namna ya pekee, kwa kuwa kamera nyingi zinazouzwa Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam hupitia Dubai, mara nyingi kwa mikono ya wafanyabiashara wanaonunua kwa fedha taslimu na kuzileta chache chache. Mfanyabiashara wa namna hiyo hana orodha ya majina. Bidhaa ikiadimika, yeye hupandisha bei, na mteja ama hulipa ama huondoka. Hilo humwepusha mpiga picha na miezi ya kukaa roho juu, lakini humwacha na kamera ambayo pengine dhamana yake ya kiwanda haitambuliwi katika nchi anamoitumia.

Kuhusu roho hiyo iliyo juu, David Maister alieleza mwaka 1985 kwamba kungoja kusiko na kikomo kinachojulikana huhisiwa kuwa kurefu kuliko kungoja kwenye kikomo, hata saa zikiwa sawa, na kwamba kungoja kusikoelezwa sababu hurefuka zaidi. Ngoja ngoja ya kamera ina sifa zote mbili. Juu yake ipo hasara ambayo haionekani katika risiti: ikiwa kamera ya ngazi hii huishi miaka minne kabla ya kurithiwa na nyingine, aliyeingoja miezi sita amepoteza sehemu ya nane ya maisha yake kama chombo kipya, na atailipia bei ileile aliyolipa mtu wa kwanza. Watengenezaji wangeweza kuipunguza adha hiyo kwa gharama ndogo, kwa kumwambia kila aliyejiandikisha nambari yake na idadi ya kamera zilizotumwa nchini mwake kila mwezi, na ukimya wao katika hilo ni udhaifu usiohusiana na silikoni wala maji.

Miaka kumi baada ya D800, foleni ilirudi bila kusukumwa na mafuriko yoyote. Kwa mujibu wa CIPA, chama cha watengenezaji kamera cha Japani, kamera za dijitali zilizosafirishwa na wanachama wake zilifikia kilele cha zaidi ya milioni 120 mwaka 2010, zikaanguka hadi zaidi kidogo ya milioni 8 mwaka 2021, kwa kuwa simu zilikuwa zimewachukua wanunuzi wa kamera ndogo. Tasnia iliyonyauka kiasi hicho huogopa mzigo wa kulala ghalani kuliko inavyoogopa mteja anayenung'unika. Katika mazingira hayo Nikon iliitangaza Z9 tarehe 28 Oktoba 2021, kamera isiyo na kioo cha ndani wala pazia linalosogea, yenye megapikseli 45.7, kwa dola 5,499.95, pungufu ya dola 1,000 kuliko D6 iliyoitangulia; maagizo yakazidi matarajio, kampuni ikaomba radhi, na majina yakaanza kupangwa upya katika orodha za maduka hadi ndani ya mwaka uliofuata. Safari hii kamera haikutoka Natori. Nikon ilikuwa imeamua kuihamisha kazi ya kuunda miili ya kamera zake kutoka Natori kwenda Thailand, na walioingoja Z9 walikuwa wakikingoja kiwanda kilekile cha Ayutthaya, katika eneo la Rojana, ambalo tangu mafuriko ya 2011 limezungushiwa ukuta wa kuzuia maji.